Barua ya wazi: Tupimieni kambi

Kwa:
Waziri mwenye dhamana ya ardhi,
Mkuu wa Mkoa wa Tanga,
Wakurugenzi wa halmashauri zenye mashamba ya mkonge,
Bodi ya Mkonge Tanzania.

YAH: WAJUKUU WA MANAMBA

Waheshimiwa,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, mwajiriwa wa serikali hii hii ninayoiandikia, kwa hiyo lugha ya barua za ofisini ninaijua vizuri. Lakini nikiandika kwa mtindo wa "napenda kukutaarifu" najua nitasema nusu tu ya lililonileta. Naomba mnivumilie niandike kama ninavyozungumza nyumbani.

Nyumbani kwetu ni kambini, wilaya ya Muheza, ndani ya shamba moja la mkonge. Jina la shamba silitaji. Mama yangu bado anaishi humo na chumba si chake.

Muheza, kama mnavyojua, ni nchi ya machungwa. Msimu ukifika unayakuta yamerundikwa kando ya barabara kama kokoto, na malori yanapakia usiku kucha. Bibi yangu, mzaa baba, alipanda mchungwa mmoja nyuma ya jiko. Nilikuwa na miaka sita au saba. Aliuzungushia miiba kuku wasiuparue, akawa anaumwagilia maji ya kuoshea vyombo. Ulipofika magotini kwake akaja nyapara. Hakuja kwa ubaya, alisalimia vizuri tu, "Shikamoo bibi," kisha akasema, "Bibi, si unaijua sheria?" Akauinamia, akaung'oa kwa mkono mmoja, akaulaza chini taratibu mizizi ikiwa na udongo wake. Bibi alisema, "Marahaba, mwanangu." Basi. Jioni aliutia jikoni, nao haukuwaka kwa kuwa ulikuwa mbichi.

Sheria yenyewe ilikuwa hivi, na mpaka leo haijabadilika: mkazi wa kambi anaruhusiwa kupanda mahindi, mihogo, kunde, mchicha. Mti wa kudumu haruhusiwi. Si mchungwa, si mnazi, si mwembe. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni roho mbaya. Nilipokua ndipo nikaelewa kwamba mti ni shahidi. Mwenye mti akiondolewa hulipwa fidia. Mwenye mchicha huambiwa avune haraka.

Ninaanza na mchungwa kwa sababu kila mwaka nasikia viongozi wakija kwenye mikutano yetu kutuhimiza tujitume, tuache kulalamika, tuwe wabunifu, vijana wajiajiri. Sisemi wanatutukana. Nasema wanazungumza na watu wasiowajua. Watu wa kambini wanaamka saa kumi usiku. Mkata mkonge anakwenda shambani na umande, anakata jani, anaondoa mwiba wa nchani, anahesabu majani 30, anafunga tita, anabeba mpaka kwenye njia, anapanga, anarudi. Utomvu unawasha mpaka ngozi ya mikono inakuwa kama ya kenge. Likizo zangu za shule ya msingi nilizimaliza nikimfungia baba matita, maana malipo ni kwa kipimo, si kwa jasho. Kama kujituma kungetosha, sisi tungekuwa matajiri wa mkoa huu.

Historia mnaijua, nitaipita haraka. Mkonge uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, ukapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Miche mingi ilikufa safarini na iliyobaki hai ilikuwa 62 tu; mkonge wote ulioijaza nchi hii unaanzia pale. Walipoingia Waingereza shida ikawa watu wa kuukata. Wenyeji wa hapa walikuwa na mashamba yao, hawakuona sababu ya kwenda kuchomwa miiba ya mtu mwingine. Basi watu wakatafutwa mbali: Ubena, Unyamwezi, Umakonde, Uha, Urundi. Mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda ofisi yao ya kuandikisha wafanyakazi, SILABU, iliyokuwa inawasomba kwa malori na treni. Kila mtu akapewa namba yake, na hiyo namba ndiyo iliyozaa jina la manamba. Babu yangu aliletwa mwaka 1948 kutoka Njombe. Alipewa kipande, kadi ya siku 30 za kazi: ukimaliza siku unawekewa alama, usipomaliza kipimo siku hiyo haikuhesabiwi. Ardhi hakupewa, wala haikukusudiwa apewe. Alihesabiwa kuwa mtu wa kuja na kurudi.

Wengi hawakurudi. Wakaoa, wakazaa, wakazika. Tanganyika ikawa ya kwanza duniani kwa mkonge, mwaka 1964 ikafikia kiasi cha tani 230,000. Tukajifunza shuleni kwamba ni "dhahabu ya kijani". Sehemu kubwa ya mashamba ikataifishwa mwaka 1967, kamba za plastiki zikaja, bei ikaanguka, mashamba yakageuka mapori, kisha yakauzwa kwa wawekezaji. Shamba limebadilisha mwenyewe mara nyingi kuliko babu alivyobadilisha koti. Kila likiuzwa, sisi tunauzwa nalo kama mapaa ya nyumba.

(Mwaka 2022, kwenye operesheni ya anwani za makazi, vijana walipita kambini kubandika namba kwenye milango. Mzee mmoja jirani yetu aliwaangalia, akawaambia, "Wanangu, mmechelewa. Sisi tuna namba tangu enzi za Malkia.")

Sasa niseme jinsi umaskini unavyorithishwa kwetu, maana haurithishwi hewani. Una utaratibu wake.

Chumba cha kambi ni cha mfanyakazi. Asiyefanya kazi hana chumba. Mwaka 1996 mgongo wa baba ulikatika. Alikuwa na miaka 41, alikuwa amehamishiwa korona (namaanisha mashine ya kuchakata mkonge, si ule ugonjwa), akawa hawezi kuinama wala kuinuka. Karani akaja na taarifa: chumba kirudishwe, au mtu mwingine wa nyumba hii aingie kazini. Mwaka huo kaka yangu mkubwa alikuwa amemaliza darasa la saba. Alikuwa amefaulu. Nawaomba hapa msisome haraka. Miaka ile kuchaguliwa kwenda sekondari ya serikali kutoka shule kama yetu lilikuwa jambo la kuitana: majina yalibandikwa ukutani na lake lilikuwa la tatu kutoka juu. Mama alikwenda kulisoma, na hajui kusoma. Alimwomba mwalimu amwekee kidole juu yake.

Kaka alikuwa na miaka 15. Aliandikwa kazini kwa umri wa 18, akapewa panga, na chumba kikabaki chetu.

Hakuna aliyemlazimisha. Hakukuwa na kikao. Asubuhi ile mama alipika uji mapema kuliko kawaida na kaka akavaa viatu vya baba. Rafiki yake aliyekuwa wa tano kwenye orodha ileile alitoka kijiji cha jirani, mwendo wa dakika ishirini kutoka kwetu. Baba yake hakuwa tajiri, ila alikuwa na michungwa ya kurithi. Aliuza machungwa yakiwa bado mtini, kama wanavyofanya wengi huku pesa ikihitajika kabla ya mavuno, akanunua godoro, sanduku na sare. Yule kijana leo ni mhandisi. Akili zao zilitofautiana kwa nafasi mbili kwenye orodha, na kaka ndiye aliyekuwa mbele. Kilichowatenganisha ni miti.

Mtaniuliza, na nimeshaulizwa sana na watu wenye nia njema: mbona wewe umetoka? Swali hili linaniudhi kuliko yote, kwa hiyo nitalijibu kwa urefu.

Nimetoka kwa sababu kaka alikaa. Chumba kilipopata mtu wa kukishikilia, mimi wa pili nikapata nafasi ya kuwa mtoto. Tena mama mdogo alikuwa ameolewa Korogwe mjini, nikalala kwake miaka minne ya sekondari. Tena alikuwapo mwalimu mmoja wa Kiingereza aliyekuwa akitubakiza jioni bila kudai senti. Bila yeye ningezama Kidato cha Kwanza, kama wanavyozama wanafunzi wangu leo: miaka saba umefundishwa kwa Kiswahili, Januari unaingia darasani sayansi imegeuka lugha ya kigeni, na mtoto wa jirani aliyesoma shule ya kulipia tangu chekechea anakuangalia ukitafuta maana ya "photosynthesis". Nikihesabu bahati zangu, moja tu ingekosekana nisingeandika barua hii. Mfumo unaohitaji bahati tatu zifuatane ili mtoto mmoja apite, msinitumie mimi kuutetea.

Na kutoka kwenyewe si kutoka. Nilisoma chuo kikuu kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, nashukuru, bila mkopo ule nisingesoma. Kila mwezi nakatwa asilimia 15 ya mshahara, tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2016. Mwenzangu tunayefundisha naye shule moja, ngazi moja, alilipiwa ada na baba yake. Hakatwi kitu. Kwa hiyo tunaofanya kazi ileile, aliyetoka kwenye kukosa ndiye anayepeleka kidogo nyumbani, na nyumbani kwake ndiko kunakosubiriwa zaidi. Dawa za baba mpaka alipofariki, mimi. Bati, mimi, tena bati la nyumba isiyo yetu! Ada ya binti wa dada aliyekwenda chuo cha ufundi cha VETA, mimi. Sijutii hata shilingi. Nasema tu kwamba mwaka wa kumi na nne kazini sina kiwanja, na watoto wangu wanakua kwenye nyumba ya kupanga. Tumepanda ngazi moja, tukakuta ina watu tisa juu yake.

Sasa mama na wenzake. Mnajua halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo: nne wanawake, nne vijana, mbili wenye ulemavu. Ni mpango mzuri, sina neno nao. Wanawake kumi wa kambini walijiunga, wakaandika katiba ya kikundi, wakafungua akaunti. Walitaka kufuga kuku na kusuka vikapu vya singa, yaani nyuzi za mkonge. Ofisa aliwapokea vizuri. Akauliza mradi utakuwa eneo gani. Wakasema kambini. Akauliza, eneo la nani? Wakanyamaza. Akasema walete barua ya mwenye eneo. Wakaenda kwa meneja. Meneja akasema, naye hakukosea kwa upande wake, kwamba yeye ni mwajiriwa, hawezi kuandika barua inayoonyesha kuwa kuna watu wana eneo ndani ya shamba la kampuni. Wakarudi kijijini kwa mtendaji, maana kwenye makaratasi kambi yetu ni kitongoji cha kijiji cha jirani, na kura tunapiga huko. Mtendaji akawaambia kweli: ile ni ardhi ya shamba, si ya kijiji, mimi siwezi kuwagawia wala kuwaandikia. Kijiji kinatuhesabu, shamba linatumiliki, halmashauri inatuelekeza. Kikundi kilikufa mwezi wa nne. Akaunti ilibaki na Sh 38,000, na benki ikazila kidogo kidogo.

Waheshimiwa, hakuna hata mtu mmoja kati ya hao aliyevunja sheria au kuwa na roho mbaya. Ofisa alifuata mwongozo. Meneja alilinda hati. Mtendaji alisema ukweli. Ndiyo maana nawaandikia ninyi na si wao. Mlango tunaogonga haukufungwa na bawabu, ulijengwa bila komeo la upande wetu.

Nimesoma sheria zote mbili za mwaka 1999, Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5. Mwanakijiji anaweza kupata hati ya hakimiliki ya kimila, akaipeleka mahali ikamdhamini. Sisi hatuwezi, kwa kuwa tumekaa kwenye ardhi isiyo ya kijiji. Sheria ya Ardhi Na. 4 inampa Rais mamlaka ya kufuta miliki ya shamba lililotelekezwa au lililokiuka masharti, na inajulikana kuwa yapo mashamba yaliyofutiwa hati katika nchi hii na ardhi ikagawiwa. Lakini hapo nako nimeona jambo. Ardhi ikigawiwa, anayepata kwanza ni anayejua kuandika maombi, mwenye nauli ya kufuatilia, mwenye pesa ya kusafisha pori. Nawajua watumishi wenzangu walionunua ekari za mkonge tangu ulipotangazwa kuwa zao la kimkakati. Sio dhambi. Ila anayekwenda kuwakatia mkonge wao ni yuleyule, mwana wa manamba, kwa panga lilelile. Kule Korogwe wapo wakulima wadogo wenye vyama vyao vya ushirika wa mazao (AMCOS) Magoma, Mwelya, Ngombezi, Hale na Magunga. Wana matatizo yao, lakini yale ni matatizo ya mtu mwenye shamba. Mimi natamani sana kaka yangu awe na matatizo ya aina hiyo.

Najua pingamizi mtakaloletewa, kwa sababu nimelisikia kwa masikio yangu. Watasema mwekezaji ana hati na hati inalindwa. Sawa. Siombi shamba. Kambi yetu yote, nyumba, kisima, msikiti, kanisa na makaburi, ukiizunguka kwa mwendo wa mzee unaimaliza kwa dakika kumi na tano. Katika shamba la maelfu ya hekta, hicho ni kifungo cha shati. Pingamizi la pili halisemwi hadharani, husemwa kwenye chai: wakipewa viwanja vyao hawatakata mkonge, tayari vijana wanakimbia. Amri ya mishahara ya mwaka 2022 iliweka kima cha chini cha kazi za kilimo kuwa Sh 140,000 kwa mwezi. Kama kazi haipati watu mpaka watu washikwe kwa paa la nyumba, basi kinachokosekana ni ujira. Paa lisitumike kuuficha.

Ninachoomba ni hiki. Kila shamba la mkonge mkoani hapa, kabla hati yake haijahuishwa au kuhamishwa kwa mwekezaji mpya, kambi zake zipimwe, zitengwe, na waliomo wapewe viwanja kwa majina yao, la mke na la mume. Majina, si namba. Pale ambapo lipo pori lisilolimwa, kila kaya ipewe angalau ekari mbili za kulima, na walioishi kambini watangulie kabla ya sisi watumishi. Na wakati hayo yanasubiri, maana najua upimaji haufanyiki kwa wiki moja, Mkurugenzi anaweza kesho asubuhi kuandika waraka wa nusu ukurasa kwamba kikundi cha kambini kidhaminiwe na kitongoji wanachopigia kura, bila barua ya meneja. Hilo halihitaji Bunge.

Mkituma mpima ardhi, mwelekezeni aanzie makaburini. Ndiko kwenye kumbukumbu zetu. Babu yupo pale tangu 1979, bibi yupo, baba yupo, na upande wa chini wapo Warundi na Waha ambao ndugu zao hawajui hata walikozikwa. Mstari wa mkonge umeshaingia kwenye makaburi matatu.

Kaka yangu sasa ana miaka 44. Mwezi uliopita nilikwenda kuwasalimia nikamkuta amelala kifudifudi kwenye mkeka, mwanawe anamkanda mgongo kwa maji ya chumvi. Sehemu ileile ya baba. Hajamwambia nyapara, na kila alfajiri anakwenda. Mtoto huyo anayemkanda yuko darasa la saba, mwalimu wake ananiambia ni wa kwanza kwa hesabu.

Mtihani wao ni Septemba.

Wenu mtiifu,

Mjukuu wa namba 4417,
Muheza.